Re: Sanamu yangu ni Stegosaurus au Kentrosaurus?

Salama mkuu. Umesema sanamu yako ya dinosaria uliuziwa kama Stegosaurus ila ana miiba mingi, na boksi lilishatupwa.

Kwanza mgeuze usome tumboni au chini ya nyayo, watengenezaji wengi huchapa jina na mwaka hapo. Kama hakuna kitu, tazama mgongo. Stegosaurus ana vibao vipana mpaka mkiani, na miiba minne tu kwenye ncha. Kentrosaurus vibao vyake ni vidogo, vinakoma katikati ya mgongo, kisha ni miiba mirefu jozi kwa jozi hadi mwisho wa mkia. Ana na mwiba wa ubavuni: sanamu za zamani huuweka nyongani, za sasa begani.

Usipime kwa ukubwa. Mimi nilimwacha Kentrosaurus mmoja dukani kwa sababu alilingana na Stegosaurus wangu, wakati mnyama halisi alikuwa na urefu wa mita 4.5 hivi tu. Nikarudi wiki iliyofuata, kashanunuliwa! Iliniuma, maana huyo ni wa kwetu kabisa, mifupa yake ilichimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913.

Tupia picha ya ubavuni tumwone.