Mhadhara wa Kumbukumbu Humheshimuje Muundaji wa Meli?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, pokea salamu zangu. Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi wa mitambo hapa Nairobi. Mhadhiri wetu alitutajia mihadhara inayotolewa Uingereza kwa kumbukumbu ya Charles Parsons, akamhesabu miongoni mwa watu waliobadilisha uundaji wa meli, lakini kila ninaposoma habari zake naona akisifiwa kwa mitambo ya umeme. Je, alikuwa muundaji wa meli kweli? Na mhadhara unawezaje kumheshimu mtu wa karakana? Nauliza kwa sababu sisi tuliofundishwa kazi na mzee mmoja aliyestaafu kutoka karakana za meli Kisumu, ambaye sasa ni marehemu, tunakusudia kuanzisha mhadhara wa kila mwaka kwa jina lake. – Msomaji, Buruburu, Nairobi.

JIBU: Kwanza pole, ndugu msomaji, kwa kuondokewa na mwalimu wenu. Nitaanza na Parsons mwenyewe, kwa kuwa maana ya mihadhara yake imo ndani ya kazi yake, na asiyeijua kazi hiyo ataiona mihadhara kuwa ni hotuba za sifa tu.

Charles Algernon Parsons alizaliwa London mwaka 1854 katika ukoo wa makabaila wenye makao yao Birr, Ireland, ambako baba yake alikuwa amejenga darubini iliyobaki kuwa kubwa kuliko zote duniani kwa miongo mingi. Alisomeshwa nyumbani, akaendelea na hisabati Dublin na Cambridge, kisha akafanya jambo ambalo vijana wa tabaka lake hawakuwa na mazoea nalo: mwaka 1877 aliingia kiwanda cha Armstrong huko Newcastle kama mwanagenzi. Mwaka 1884, akiwa mbia mdogo katika kampuni ya Clarke, Chapman, alitengeneza turbini yake ya mvuke. Injini za wakati huo zilitegemea mvuke kusukuma pistoni huku na huku. Parsons aliupitisha mvuke katikati ya safu nyingi za mapanga madogo, shinikizo likipungua kidogo tu kwa kila safu, hata mtaimbo, yaani fimbo ya chuma inayobeba mapanga hayo, ukazunguka mara 18,000 kwa dakika. Mtambo huo wa kwanza ulikuwa wa kuzalisha umeme, na ndiyo sababu vitabu vingi humweka upande huo. Umeme unaotoka Olkaria, ambako mvuke wa ardhini huzungusha turbini, unatokana na wazo lilelile.

Ama kuhusu meli, ikiwa muundaji ni yule anayekata mabamba ya chuma na kuyapigilia ribiti kwenye mbavu za chombo, basi Parsons hakuwa yeye. Bodi, yaani umbo la nje, ya chombo chake mashuhuri cha majaribio ya turbini, Turbinia, iliundwa na mafundi wa Brown and Hood huko Wallsend. Lakini meli ni zaidi ya bodi. Mtu aliyeamua chombo kile kiendeshwe na nini, kiwe chembamba kiasi gani na kisukumwe na rafadha (panga za kusukuma maji) ngapi, kisha akasafiri nacho kwenye kila jaribio muhimu, ana haki kamili ya kuitwa muundaji wa meli, na mimi namwita hivyo bila kusita.

Turbinia ilishushwa majini mwezi Agosti 1894, ikiwa na urefu wa mita 31 na ushei, upana usiofika mita 3, na uzito wa tani 44. Kwa nguvu iliyotarajiwa kutoka kwenye turbini yake, ilipaswa kuziacha nyuma meli zote za zama zake. Haikufanya hivyo. Rafadha yake moja ilizunguka kwa kasi kubwa mno, na bado chombo hakikufika hata noti 20, yaani maili 20 za baharini kwa saa. Parsons alibadilisha rafadha moja baada ya nyingine, na tatizo likabaki palepale. Ilikuwa rahisi kuilaumu turbini, iliyokuwa kitu kigeni baharini. Yeye alitengeneza kwanza kifaa cha kupima msokoto wa mtaimbo, akathibitisha kwamba turbini ilikuwa inatoa nguvu yake, na kwamba nguvu hiyo ilikuwa ikipotelea kwenye rafadha.

Kilichokuwa kikitokea ni hiki. Panga la rafadha likikata maji kwa kasi kupita kiasi, shinikizo la maji upande wake wa nyuma hushuka hadi maji yanageuka mvuke bila kupashwa moto, na rafadha hubaki ikizunguka ndani ya uwazi badala ya kusukuma maji. Wahandisi huiita hali hiyo kavitesheni. Ili aione kwa macho yake, Parsons alitengeneza mwaka 1895 tangi dogo la shaba lenye umbo la kitanzi, akaliwekea dirisha, akatia ndani rafadha ya inchi 2, kisha akapunguza shinikizo la hewa lililokuwa likiyalemea maji ili mapovu yatokee hata kwa mwendo mdogo. Alilimulika kwa taa kali kupitia kioo kinachozunguka, mwanga ukapiga kwa vipindi vilivyolingana na mizunguko ya rafadha, na rafadha ikaonekana kana kwamba imesimama tuli huku mapovu yakiwa yameng'ang'ania mapanga yake. Kwangu mimi, tangi lile linalotosha juu ya meza ni fahari kubwa kuliko jambo lingine lolote alilofanya, na maabara zote za leo zinazopima rafadha kwenye njia za maji zilizofungwa zimefuata nyayo zake.

Baada ya hapo aliing'oa turbini ile moja, akaweka tatu, za shinikizo la juu, la kati na la chini, kila moja ikiwa na mtaimbo wake, na kila mtaimbo ukiwa na rafadha tatu. Turbinia ikapita noti 34, ambazo ni zaidi ya kilomita 60 kwa saa. Tarehe 26 Juni 1897, meli za kivita za Uingereza zilipojipanga Spithead, mlango wa bahari kusini mwa Uingereza, kwa jubilei ya miaka 60 ya Malkia Victoria, Parsons alikipitisha chombo chake kwa kasi katikati ya safu za meli hizo, na boti za doria hazikuweza kukifikia. Tukio hilo limesimuliwa mara nyingi, nami sina haja ya kulirefusha.

Mambo hayakunyooka mara moja. Mwaka 1901 jeshi la majini la Uingereza lilipoteza manowari zake mbili za kwanza za turbini: Viper ilipanda mwamba katika ukungu karibu na kisiwa cha Alderney, na Cobra ikakatika vipande viwili katika Bahari ya Kaskazini, ikafa na watu 67, baadhi yao wafanyakazi wa kampuni ya Parsons mwenyewe. Turbini haikuwa chanzo cha ajali yoyote kati ya hizo. Mwaka huohuo meli ya abiria King Edward ilianza safari katika mto Clyde ikiwa na turbini, mwaka 1906 ikafuata manowari Dreadnought, na mwaka 1907 meli ya abiria Mauretania, iliyoshikilia rekodi ya kasi ya kuvuka Atlantiki kuanzia 1909 hadi 1929. Kilichobaki ni meli za mizigo, ambazo mwendo wake mdogo haukuafikiana na turbini inayopenda kukimbia. Parsons alinunua meli kuukuu, Vespasian, akapima kwa makini makaa iliyotumia kwa injini yake ya zamani, ndipo akaiwekea turbini zenye gia za kupunguza mizunguko, akapima tena.

Alifariki mwaka 1931 akiwa safarini baharini. Mihadhara ya kumbukumbu yake ilianza mwaka 1936, ikapokezanwa na taasisi za kitaaluma za Uingereza. Mwalikwa huandika utafiti kamili, huusoma mbele ya wenzake, na utafiti huo huchapishwa ili wengine waukague. Mada zimefuata pande zote alizogusa mikono yake: mvuke, jeshi la majini, hata vioo vya darubini, ambavyo alivirudia uzeeni. Hapo ndipo penye jibu la swali lako la pili. Sanamu humwonyesha mtu alipokwisha kufaulu, ilhali mhadhara wa namna hii humlazimisha mhandisi aliye hai kuonyesha hesabu zake hadharani, pamoja na zile zilizokataa, kama rafadha za mwanzo za Turbinia zilivyokataa.

Kwa hiyo, katika mpango wenu, ningewaomba msimwalike mgeni wa heshima wa kumsifu marehemu kwa saa nzima. Mtafuteni mtu anayehangaika sasa hivi na tatizo ambalo mwalimu wenu angelitambua. Gugu maji la Ghuba ya Winam, linalonasa rafadha na kuziba matundu yanayoingiza maji ya kupoza injini, linastahili mhadhara wake. Lingine ni historia ya MV Uhuru, meli ya kubebea mabehewa ya reli ya miaka ya 1960 ambayo sehemu zake ziliundwa na kampuni ya Yarrow huko Scotland na kuunganishwa Kisumu: mafundi walifanyaje kazi ile, na nani aliandika walichojifunza? Mzungumzaji alete andiko lake mapema, nakala zigawiwe wanafunzi walisome kabla ya siku yenyewe, na muda wa maswali usipungue muda wa mhadhara. Waalikeni pia mafundi wa karakana waliofanya kazi na marehemu, wakae mbele, na wawe na haki ya kuuliza wa kwanza. Maswali na majibu yachapishwe pamoja na andiko, kisha nakala moja ipelekwe kwa familia yake na nyingine ibaki katika maktaba ya chuo.