ULIZA TUKUJIBU: Picha arobaini, na swali hata moja hakuna

Mwezi huu sanduku limejaa historia. Walimu wamegundua kwamba badala ya insha unaweza kumwambia mwanafunzi atengeneze onyesho la makumbusho kwenye intaneti, wanafunzi nao wamegundua kwamba hiyo kazi sio ya jioni moja, na wote wameamua kuniandikia mimi. Haya tuanze, barua nimezikata kidogo maana zingine zilikuwa ndefu kuliko vita zinavyovizungumzia.

Habari za kazi. Mi nafundisha historia sekondari. Niliwapa wanafunzi watengeneze makumbusho ya mtandaoni kuhusu Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, makundi sita, na yote sita yameniletea kitu kilekile: picha kama arobaini, chini ya kila picha aya ndefu imekopiwa sehemu, unaskroli mpaka kidole kinauma. Kundi moja limeweka vifaru vya vita ya pili! Nirudi kwenye insha tu? – Mwalimu niliyechoka

Nzuri mwalimu, pole na masahihisho. Usirudi kwenye insha, maana hata insha wangeikopi vilevile, ila ingekuwa haina picha. Na mi naomba usikasirike nikisema kosa limeanzia kwako. Vita Kuu ya Kwanza sio swali, ni bahari, na mtoto ukimtuma baharini bila kumwambia alete nini atakuletea ndoo ya maji. Watoto wamekuletea maji, tena mengi.

Angalia makumbusho yenyewe zinavyofanya. British Museum kule London wana vitu kama milioni 8, lakini vinavyoonekana na wageni kwa wakati mmoja ni kama 80,000, yani asilimia 1 tu. Asilimia 99 iko stoo! Sasa kazi ya mtu wa makumbusho ni ipi kama sio kuchagua, na huwezi kuchagua kama hujui unatafuta nini, ndo maana swali linatangulia picha.

Hebu wape swali dogo. Mfano: askari aliyeko kwenye handaki aliwaambiaje watu wa nyumbani kwamba bado yuko hai? Ukishauliza hivo mwanafunzi hatafuti tena "picha za vita", anatafuta barua, na akitafuta barua atakutana na ile kadi ya posta waliyopewa askari wa Uingereza, ambayo sentensi zake zilishachapishwa tayari: mimi ni mzima, nimelazwa hospitali, nimepokea barua yako, sijapata barua yako muda mrefu. Askari kazi yake kukata zisizomhusu, aweke sahihi na tarehe basi. Na juu imeandikwa kabisa kwamba akiongeza kitu kingine chochote kadi itaharibiwa. Mwalimu, kadi moja hiyo inatosha kipindi kizima. Kwa nini wakubwa wake hawakutaka aandike yuko wapi? Mama aliyepokea kadi yenye mstari mmoja tu haujakatwa alilala usingizi gani siku hiyo? Na je, askari aliyejeruhiwa ila hataki kumtia mama yake hofu angekata sentensi ipi? Hapo mtoto ameanza kufikiri, na hana pa kukopi jibu maana swali ni la kwake.

Halafu weka mipaka na uwe mkali nayo. Mimi ningesema vitu nane, visizidi kumi, kila kimoja maneno hamsini mpaka sabini na tano, na sentensi ya kwanza lazima imwambie mtu aangalie nini kwenye hiyo picha ("tazama mstari wa tatu, umekatwa mara mbili"), sio mwaka aliozaliwa jenerali fulani. Watalalamika maneno ni machache. Waambie Marekani kuna mashindano ya wanafunzi wa historia, National History Day, yalianza Cleveland mwaka 1974, na wanaoshindana upande wa websaiti wanaruhusiwa maneno yao wenyewe 1,200 tu kwa websaiti nzima. Kuandika kifupi ndo kugumu, we mwenyewe unajua.

Kuhusu vile vifaru, usiwacheke sana, kwenye vita ya kwanza vifaru vilikuwepo, vilianza kutumika Somme, Ufaransa, Septemba 1916. Ila kama walivyoweka vina msalaba wa jeshi la Ujerumani wa mwaka 1940, aisee hapo waambie warudie.

Shikamoo. Kundi letu tunafanya onyesho kuhusu soko la zamani ambalo halipo tena na hakuna picha yake hata moja. Mwenzetu ametengeneza picha na AI, imetoka kali sana, mpaka vumbi linaonekana. Mwalimu amekataa. Si inasaidia watu waelewe? Kwani kuna ubaya gani? – Kundi la tatu

Marahaba wajukuu zangu. Mwalimu yuko sahihi na mi namuunga mkono kwa mikono miwili.

Ile picha haijaona soko. Imeona maelfu ya picha za masoko mengine, ikachanganya, ikawapa soko ambalo halijawahi kuwepo popote, na kwa sababu ni kali (vumbi na nini) mtu atalikumbuka hilo vumbi kuliko maandishi yenu yote. Kesho ataisevu, ataituma kwenye grupu, mwakani mwanafunzi mwingine ataikuta bila jina lenu na ataiweka kama ushahidi. Mmezalisha uongo wenye miguu.

Na msidhani picha ya kamera ndo imesalimika. Kuna mpiga picha wa Marekani, Edward Curtis, alizunguka miaka mingi akipiga picha wenyeji asilia wa kule. Mwaka 1910 alipiga picha ndani ya hema la Wapiegan (kabila mojawapo la wenyeji hao), wanaume wawili wamekaa, na katikati yao kuna saa. Saa ya kawaida kabisa. Kwenye picha aliyoichapisha saa haipo, imefutwa! Alitaka watu waone wenyeji ambao hawajaguswa na mambo ya kisasa, saa ikamharibia hadithi. Tunajua kwa sababu picha ya mwanzo yenye saa imebaki, iko maktaba ya Bunge la Marekani. Sasa nyinyi mkiweka hizo picha mbili pembeni kwa pembeni na swali moja tu chini, nani aliitoa saa na kwa nini, hilo tayari ni onyesho zuri kuliko mengi niliyoyaona.

Kwa hiyo soko lenu mfanyeje. Tafuteni ramani ya zamani, orodha ya ushuru, tangazo la gazeti, mzani, mzee aliyewahi kuuza pale mrekodi sauti yake. Mkichora, andikeni "mchoro wetu, mwaka huu, tumeuchora kwa kufuata maelezo ya fulani". Na mkitaka kunifurahisha mimi, wekeni fremu tupu, chini yake mwandike kwamba picha haijapatikana na mmetafuta wapi na wapi. Hiyo fremu tupu watu watasimama hapo. Kwani nani aliyekuwa na kamera enzi zile na kwa nini hakuona haja ya kupiga soko?

Jambo lingine hamjaliuliza ila nalisema. Kila kitu mnachoweka kiwe na asili yake: nani alikitengeneza, lini, saivi kinatunzwa wapi, namba yake ya usajili, na kilifikaje huko. Hilo la mwisho wengi wanaliruka. Angalieni tovuti ya Digital Benin iliyofunguliwa 2022, imekusanya taarifa za vitu zaidi ya 5,000 vya ufalme wa Benin (huo uko Nigeria ya leo, msichanganye na nchi ya Benin), ambavyo vilitawanyika baada ya jeshi la Uingereza kuvamia na kupora mwaka 1897. Tovuti ilipofunguliwa vilikuwa kwenye taasisi 131, nchi 20. Vitu vyenyewe vinavutia, ila mimi kilichonishika ni kuona kimoja kimoja kilipita mikono ya nani. Njia ya kitu nayo ni historia.

Tukichukua picha mtandaoni tunaweza kushtakiwa? Mwalimu anasema "andikeni tu chanzo ni Google". – Muoga

Google sio chanzo, Google ni mlango. Ukiulizwa maji umeyatoa wapi husemi umeyatoa kwenye bomba la kushoto. Bonyeza mpaka ufike kwa mwenye picha, hapo ndo utakuta masharti. Na kuandika chanzo sio sawa na kupewa ruhusa, hivo ni vitu viwili.

Njia rahisi ni kwenda kwa walioshafungua milango. Makumbusho ya Metropolitan ya New York toka Februari 2017 wameachia picha za kazi zao zisizo na hakimiliki, unatumia utakavyo. Smithsonian, makumbusho za taifa za Marekani, nao Februari 2020 waliachia picha kama milioni 2.8 kwa mpigo, nyingine unaweza hata kuzizungusha uone mgongo wa kitu. Kwenye leseni za Creative Commons (ruhusa ambazo mwenye kazi anaziweka kabisa kwenye kazi yake) soma herufi: BY maana yake mtaje mwenye kazi, NC usifanyie biashara, ND usigawe ulichokibadilisha. Picha za albamu ya familia ombeni ruhusa hata kama bibi hajui hakimiliki ni nini, maana waliomo wana watoto wao.

Tutumie programu gani? Mwenzetu anataka tujenge ukumbi wa 3D wenye milango na taa. – Wawili dhidi ya mmoja

Wawili mko sahihi. Nimeshaingia kumbi za 3D za wanafunzi, dakika tano napigana na ukuta, onyesho sijaliona. Slaidi za kawaida zinatosha. Kama shule ina mtu wa kompyuta mwenye moyo, kuna Omeka, ya bure, ilitengenezwa Chuo Kikuu cha George Mason kwa kazi hii hii, na inakupa nafasi ya kujaza taarifa za kila kitu kwa vipengele 15 vya Dublin Core, yani orodha ya kawaida ya maelezo kama jina, mtengenezaji na tarehe. (Hiyo Dublin sio ya Ireland, ni mji wa Ohio, mkutano ulifanyika huko 1995. Na mimi nilikuwa sijui kwa miaka mingi.)

Tuna mwenzetu haoni. Onyesho letu la picha yeye atafanyaje? – Rafiki yake

Simu na kompyuta zina programu ya kusoma skrini kwa sauti, ila picha haiwezi kuisomea vizuri kama hamjaiwekea maelezo ya maandishi. Andikeni mnachokiona, sio "picha ya barua". Halafu mpeni yeye ayakague. Akisema "sijaelewa" basi hamkuangalia vizuri, mrudie.

Onyesho tulilofanya miaka kadhaa iliyopita halifunguki, na tulishinda nalo. Limeenda wapi? – Mshindi wa zamani

Kama lilijengwa kwa Flash (programu ya zamani ya michoro inayocheza kwenye websaiti), kampuni yake Adobe waliacha kuihudumia 31 Desemba 2020 na maonyesho mengi sana yalizimika nayo. Kama ni akaunti ya bure labda imefungwa, au paswedi alikuwa nayo mmoja na kashahama. Jaribu kuweka anwani yake kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, inayotunza nakala za websaiti za zamani, saa nyingine unakuta maandishi yamebaki hata kama picha zimepotea. Ukiyapata yakopi leo leo, uyaweke kwenye faili la kawaida, na umpe mwenzako mmoja kopi.