Kabla hujaliamini gamba, litazame

Wadogo zangu mnaosoma jiolojia mmekuwa mkiniuliza: nikipewa mashapo, yaani tope lililotuama, ya bahari kuu, nianzie wapi? Anzia kwenye hadubini, na ukae hapo muda mrefu kuliko unavyotaka.

Mimi nilianzia kwenye mashine. Nilipewa sampuli za tope la zama za Eosini, takriban miaka milioni 56 hadi 34 iliyopita, nikaziosha harakaharaka, nikaokota magamba ya foraminifera na kuyapeleka kupimwa isotopi za oksijeni, yaani aina zake nyepesi na nzito. Majibu yakaonyesha bahari ya tropiki iliyopoa ajabu. Nikaandika kurasa nzima kuueleza ubaridi ule. Mwalimu wangu aliposoma aliuliza jambo moja tu: magamba yalikuwa angavu kama kioo au meupe kama chaki? Sikujua. Miezi mitatu ya kazi ikabidi irudiwe.

Foraminifera ni viumbe vya seli moja. Wale wanaoelea karibu na uso wa bahari wakifa, magamba yao ya chokaa huzama hadi kwenye tope. Maji yakiwa baridi, gamba hubeba oksijeni-18, ile nzito, kwa wingi zaidi. Barafu ikijilundika nchi kavu nayo hufungia oksijeni nyepesi, bahari ikabaki na nzito. Kwa njia hiyo, mwaka 1976, wanasayansi Hays, Imbrie na Shackleton walitumia mashapo ya kusini mwa Bahari ya Hindi kuonyesha kwamba zama za barafu zinafuata mabadiliko ya mzunguko wa dunia kulizunguka jua. Tope hilo hujikusanya sentimita chache tu kwa miaka elfu!

Lakini gamba lililolala sakafuni mamilioni ya miaka huweza kuyeyuka kidogo kidogo na kujijenga upya ndani ya maji baridi ya huko chini. Ukilipima, unapata baridi ya sakafu ukidhani ni ya uso wa bahari. Kwa sababu hiyo wataalamu waliwahi kuamini kwamba tropiki za kale zilikuwa na nyuzi 15 hadi 23 tu.

Jibu lilitoka kwetu Tanzania. Udongo wa mfinyanzi wa Kilwa na Lindi uliwekwa chini ya bahari, kwenye kina cha mamia ya mita, kisha ukainuliwa ukawa nchi kavu. Mfinyanzi haupitishi maji kirahisi, kwa hiyo magamba yake yamebaki angavu. Mwaka 2001 mtafiti Paul Pearson na wenzake walichapisha vipimo vya magamba ya aina hiyo, yakiwemo ya Tanzania: nyuzi 28 hadi 32, au zaidi. Kila nikikumbuka kwamba ushahidi huo ulikuwa ardhini kwetu, nasisimka.

Kwa hiyo, kila sampuli, vunja magamba machache uangalie ukuta wake kwa ndani. Ukiona fuwele nene zimejazana, usidanganyike na uzuri wa nje. Chekeche la matundu ya mikroni 63 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) litumbukize kwenye rangi ya bluu ya methilini kabla ya sampuli inayofuata. Gamba lililonasa kutoka sampuli iliyopita litatoka na bluu, nawe utalitupa. Okota kwa brashi nyembamba iliyoloweshwa. Na mche wa tope, ule mkato mrefu uliochorongwa, ukitoka tu kwenye bomba, chora mshale unaoonyesha juu, hapo hapo, kabla hujapokea hata simu.

Usiitegemee oksijeni peke yake pia, maana haitenganishi barafu na joto. Pima na uwiano wa magnesi na kalisi katika magamba yale yale, kwani huo hufuata joto la maji.

Na mkifika Kilwa, msichukue udongo wa juu uliokwisha kupitiwa na mvua na mizizi. Chorongeni mpaka mkute ule mbichi, wa kijivu chenye ukijani.