Hesabu Anaziweza, Kiingereza Bado

SWALI: Tulifika Ohio mwaka juzi tukitokea kambini. Binti yangu yuko gredi ya tatu, na nyumbani hufanya hesabu za kaka yake wa gredi ya sita. Shule ilipima darasa zima kutafuta watoto wenye vipawa. Karatasi imerudi na 83, nikaambiwa hakufika. Ndiyo basi?
Mama wa watoto wanne, Columbus

JIBU: Bado, mama. Kwanza, ile 83 si maksi. Maana yake katika kila watoto 100 wa umri wake, amewapita 83 hivi. Tena hiyo ni jumla. CogAT, mtihani unaotumika sana, una sehemu tatu: maneno, hesabu na maumbo. Omba alama ya kila sehemu. Anayejifunza Kiingereza aweza kupata 38 kwenye maneno na 96 kwenye maumbo, na jumla ikaimeza ile 96.

Tazama pia tarehe ya kuzaliwa. Wakimbizi wengi waliandikiwa Januari 1. Mtoto hulinganishwa na wenzake kwa miaka na miezi. Aliyezaliwa Oktoba akaandikiwa Januari ya mwaka huohuo anashindanishwa na waliomzidi miezi tisa, na alama inashuka kwa majibu yaleyale. CogAT hutoa pia ulinganisho wa gredi. Uulizie.

Maumbo nayo yana mtego. Kuna viboksi vinne: juu duara kubwa, kisha duara dogo; chini mraba mkubwa, kisha patupu. Jibu ni mraba mdogo. Asiyewahi kuliona zoezi hili huchagua mraba mkubwa, akidhani anatafuta unaofanana na ule wa pembeni. Akili anayo, ila swali hakulielewa. Mchoreeni mifano michache nyumbani kabla ya kupimwa tena.

Na apimwe tena, kwa sababu sheria ya Ohio inaitaka wilaya ya shule itoe nafasi zisizopungua mbili kila mwaka kwa watoto walioombewa. Mwandikie mratibu wa wilaya anayeshughulikia watoto wenye vipawa, weka tarehe, ubaki na nakala. Omba hasa mtihani wa somo la hesabu: Ohio hutambua kipawa cha somo moja, na akifikia 95 kwenye hesabu, kusoma hakumzuii. Mkalimani ni haki yako, bure. Usimfanye mtoto akutafsirie.

Usingoje mwalimu ampendekeze. Mtoto mkimya asiyejua Kiingereza huonekana wa kawaida tu. Kaunti ya Broward, Florida, ilipoanza mwaka 2005 kupima gredi ya pili nzima badala ya kutegemea mapendekezo, watoto wa familia maskini na wa wahamiaji waliotambuliwa waliongezeka mno. Bajeti ilipokatwa na upimaji ukapunguzwa, idadi ikarudi chini.

Akitambuliwa, uliza siku hiyohiyo atafundishwa nini zaidi. Sheria ya Ohio inailazimisha wilaya kumtambua. Kumpa darasa maalumu haiilazimishi.