Kuimba dancehall kwa Kiswahili: anza kwa kumsikiliza Popcaan

Wengi wanaoanza dancehall, muziki wa Jamaika, hukimbilia mambo mawili, kasi na Kipatwa (lugha ya mtaani ya huko) cha kuiga. Popcaan, mmoja wa waimbaji wake, hakupanda kwa kuimba kasi. Msikilize vizuri: maneno machache, sauti ya puani kidogo, nusu kuimba nusu kughani, kisha ananyamaza na kuuachia mdundo nafasi. Kunyamaza huko ndiko kugumu.

Ametoka St Thomas, mashariki mwa Jamaika. Aliingia kundi la Vybz Kartel, nyota wa dancehall, mwaka 2008, na 2010 akavuma kwenye "Clarks", wimbo wa kusifia viatu. Kartel alikamatwa 2011, kwa hiyo kijana akalazimika kusimama bila kivuli cha mkubwa wake. Albamu yake ya kwanza, *Where We Come From*, ilitoka 2014 chini ya lebo ya Mixpak ya New York. Ridimu, yaani biti moja inayoimbwa na wasanii hata kumi, kila mmoja na wimbo wake, hukufanya usikike haraka, ila hukumeza; albamu ndiyo iliyompa nafasi ya kuonyesha huzuni na shukrani, si sherehe tu.

Sasa mdundo. Gawa kipimo kimoja cha muziki (bar) vijisehemu 8. Uzito hukaa kwenye cha 1, cha 4 na cha 7. Hesabu "moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu, moja-mbili", ukipiga kofi kila unapotamka "moja". Hapa ndipo Kiswahili huleta shida, maana mkazo wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho. Jaribu "Mama kaniambia", silabi moja kila kijisehemu: kofi la pili linaangukia NI, la tatu linaangukia A ya mwisho, na mkazo halisi, MBI, unabaki hewani. Msikilizaji hatajua kosa liko wapi, lakini hatacheza. Badilisha: "Mama kasema… leo." MA iko 1, SE iko 4, cha 6 kimya, LE iko 7. Imekaa! Ni karibu ujumbe uleule, kwa silabi saba zilezile na kimya kimoja. Kabla ya kurekodi, pitisha kila mstari kwenye kofi hivyo hivyo, hata kama prodyuza anakuharakisha.

Studio, simama sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye maiki na usipige kelele; mtindo huu hauhitaji. Sauti ya pili iweke kwenye maneno ya mwisho ya mstari tu. Ukiirudia beti nzima, zile nafasi ulizohangaika kuziacha zinajaa tope. Autotune, programu ya kunyoosha sauti, haina dhambi, Popcaan mwenyewe anaitumia, lakini kabla ya kuiwasha muulize prodyuza biti iko ufunguo (key) gani. Ufunguo ukikosewa, sauti huvutwa kwenye noti isiyo yake, na utaisikia zaidi unapovuta neno la mwisho.

Halafu biti ya "bure" ya YouTube: mara nyingi ni bure kwa mazoezi, si kwa kuuza. Pata ruhusa ya maandishi kabla hujapakia wimbo, la sivyo wimbo huo unaweza kuondolewa siku unapoanza kupendwa.