Pipa ndani ya pipa, na nyama imetoka chungu

SWALI: Habari za kazi hapo. Mimi niko Njeru, ukivuka tu mto ukitoka Jinja. Mwezi uliopita mimi na jirani yangu ambaye ni welda tulitengeneza smoka, jiko la kuivisha nyama kwa moshi, nje pipa la lita 200, ndani silinda ya chuma aliyoikunja mwenyewe, katikati tukajaza makapi ya mpunga makavu ambayo tulipewa bure mashineni. Tukaweka bega la nguruwe kilo nne. Saa ya joto ikapanda mpaka 180, nikapunguza kwa kuziba bomba la moshi, wapi. Nyama nje imeungua, kwenye mfupa bado mbichi, na chungu kama mululuza. Kesho yake asubuhi pipa bado la moto na mkaa uliisha usiku! Tulikosea wapi, au tubomoe tuanze upya? (Ssalongo, Njeru)

JIBU: Ssalongo usibomoe, pipa lako zima. Hilo la kuamka ukalikuta bado la moto na mkaa hamna ndilo limenipa jibu, maana joto lilitoka wapi sasa? Ni makapi yenyewe yalikuwa yanaungua polepole ndani ya kuta, bila mwali, kama yale malundo nyuma ya mashine za mpunga huko Butaleja, unapita asubuhi linafuka, unarudi jioni bado linafuka. Na jirani yako nadhani alipiga weldi ya vidoti tu kwenye silinda, hakufunga mshono wote, kwa hiyo moshi wa makapi ukapenya ukaishia kwenye nguruwe wako.

Makapi makavu yanazuia joto vizuri kabisa, tatizo ni kwamba bati lililo karibu na mkaa linapita digrii 300 na makapi kwa moto huo ni kuni tu. Kinachofaa ni majivu ya hayohayo makapi. Yachome nje kwanza, mbali na nyumba, mpaka weusi wote uishe, yabaki ya kijivu kuelekea weupe, hapo hayana tena cha kuungua. Ukipata vamikulaiti ni bora zaidi, ni madini yanayochimbwa kwetu hapahapa, Namekara huko mashariki, yakipashwa moto yanafura kama bisi na kuwa mepesi ajabu. Pipa la kawaida lina upana wa kama sentimita 57, silinda yako ikiwa 45 unabaki na nafasi ya sentimita 6 kila upande, hiyo inakula kama lita 75 za majivu. Jaza huku unagongagonga kwa fimbo, yatashuka tu, ukishachoma mara mbili unaongeza. Chini ya mkaa usiweke majivu matupu, kandika udongo wa kichuguu sentimita 5 na uache ukauke kivulini wiki nzima. Na toboa tundu dogo la unene wa penseli kwenye pipa la nje ili unyevu utoke, mvuke ukifungiwa unatafuta njia mwenyewe.

Sasa hiyo 180. Tumezoea sigiri, ambayo nusu ya joto inaenda kwa majirani, kwa hiyo mkono unajua kuongeza mkaa tu. Smoka yenye kuta nene haitaki hivyo, moto wa ukubwa wa ngumi mbili unaitosha. Unayoitafuta ni 110 mpaka 120, na unaitawala kwa hewa ya chini. Mwambie welda akuwekee bomba la inchi moja chini lenye koki. Ikifika 95 hivi anza kufunga koki kidogokidogo, ukisubiri 120 ndiyo ukimbie kufunga umechelewa, kuta zimeshashiba joto na zitakaa nalo saa nzima au zaidi. Na usifungue mfuniko ili ipoe, unaipa hewa, moto unaamka.

Bomba la moshi la juu liache wazi muda wote!! Kuliziba ndiyo kosa lako la pili, moshi unakwama ndani, unakuwa mzito mweupe, unaganda kwenye nyama kama lami na huo ni uchungu juu ya uchungu. Moshi mzuri unauona kwa shida, mwembamba una ubuluu kidogo.

Mkaa usiuwashe wote. Mimi naweka kilo mbili au tatu za baridi kwenye kikapu cha nondo, juu naweka vipande vitano sita vyekundu, moto unateremka wenyewe taratibu, na hiyo inanitoa asubuhi mpaka jioni. Ukikumbuka bei ya gunia tangu rais apige marufuku biashara ya mkaa wa kaskazini 2023, kuta hizo zinajilipa. Kuni za harufu, vipande vitatu tu vya mpera, muembe au mti wa kahawa uliozeeka. Paini na msanduku hapana, na mbao zilizopakwa rangi kabisa hapana.

Kwenye digrii 65 mpaka 75 za ndani nyama itagoma, saa mbili, tatu, haipandi. Inatoa jasho, jasho linaipoza, basi. Kaa utulie, usiongeze moto. Bega linaiva kwenye 93 hivi, uma unaingia kama kwenye matooke. Ile mbichi ya kwenye mfupa mngeirudisha motoni, nguruwe wetu wana tegu, kwa hiyo chini ya 71 mimi sionji. Hiyo saa yako ya joto ipime kwanza kwenye maji yanayochemka, ila kwa mwinuko wetu huku maji yanachemka kwenye 96 hivi, ikisoma 100 inakudanganya.

La mwisho kwako, wavu wa nyama tumia nondo nyembamba. Mimi smoka yangu ya kwanza niliweka wavu wa kuku ule wa kung'aa, kumbe ni zinki ile, nyama ya watu kumi na wawili nikampa mbwa, na mbwa mwenyewe alifikiria kwanza.

SWALI: Nakaa Namuwongo, mvua hizi haziishi. Naweza kuiingiza smoka jikoni nikafungua dirisha? (Mama Aisha)

JIBU: Hapana mama, hata madirisha matatu. Mkaa unaotawaliwa kwa hewa kidogo ndiyo unaotoa sana ile hewa ya sumu isiyo na harufu, unasinzia na huamki. Simamisha mabati mawili juu ya nguzo uani, pande zote wazi. Na pipa ukinunua Katwe uliza lilibeba nini, la mafuta ya kula sawa, la dawa za shamba acha.

SWALI: Inafaa kwa samaki? Niko Katosi. (Muuza sangara)

JIBU: Inafaa, lakini kipimo kidogo. Ukiwa na samaki wengi bora tanuri la kuta za udongo lenye trei za kupangwa juu kwa juu kama wanalotumia Chorkor, kijiji cha wavuvi hapo Accra, Ghana. Kwenye pipa, mloweke maji ya chumvi, mtundike mpaka ngozi ikauke inate kidoleni, ndiyo aingie. Akiwa bado na maji moshi haushiki, unamtia weusi tu. Na akitoka laini mwenye majimaji ni wa kuliwa leo au kesho, wa kupeleka sokoni mbali lazima akauke mpaka ukimkunja avunjike.