Kwa mnaoanza tasnifu za maadili ya akili mnemba

Wadogo zangu, sura za pili zinakuja tena na makosa yale yale ya mwaka jana. Bora tuambiane mapema, kabla pendekezo halijafika kwa msimamizi.

1. Waraka mmoja una tarehe nyingi. Mkataba wa Malabo wa Umoja wa Afrika, unaohusu usalama wa mtandao na ulinzi wa data binafsi, ulipitishwa tarehe 27 Juni 2014, ukaanza kutumika 8 Juni 2023, kwa kuwa ulisubiri nchi 15 ziuridhie. Anayeandika kwamba data za Waafrika zinalindwa na Malabo tangu 2014 amefuta karibu miaka tisa. Sheria ya Akili Mnemba ya Umoja wa Ulaya nayo ilianza rasmi 1 Agosti 2024, lakini marufuku zake zilianza kubana 2 Februari 2025. Chora jedwali la tarehe hizo siku ya kwanza.

2. Pendekezo la UNESCO kuhusu maadili ya akili mnemba, la Novemba 2021, lilipitishwa na nchi wanachama 193, lakini si mkataba. Usiandike "ziliridhia".

3. Hapa ndipo panapouma. Karibu kila sura inabeba kanuni tatu za Ripoti ya Belmont, ile ya Marekani ya maadili ya utafiti unaohusisha watu, yaani kumheshimu mtu, kumtendea mema na haki, inazibandika juu ya akili mnemba, basi, kazi imekwisha. Hebu tazameni zilikotoka. Mwaka 1932 Idara ya Afya ya Umma ya Marekani ilianza kuwafuatilia wanaume weusi 600 huko Alabama, 399 kati yao wakiwa na kaswende. Hawakuelezwa ukweli wa maradhi yao. Penisilini ilipokuwa tiba ya kawaida, kufikia 1947, hawakupewa. Wengine walikufa wakidhani wanatibiwa. Utafiti ulisimama 1972, baada ya magazeti kuufichua. Mwaka 1974 ikatungwa sheria, sheria ikaunda tume, tume ikatoa Belmont mwaka 1979. Na pembeni ya kanuni hizo zilikuwepo kamati zenye uwezo wa kisheria wa kuzuia utafiti.

Akili mnemba ilianzia upande wa pili. Mkutano wa Asilomar wa Januari 2017 ulitoa kanuni 23, bila chombo cha kumzuia mtu yeyote. Google ilitangaza baraza la washauri wa maadili mwishoni mwa Machi 2019, na mwanzoni mwa Aprili likavunjwa. Ukizichukua kanuni za Belmont ukaziacha kamati zake, umechukua maneno matupu.

Hata kamati zenyewe zina tundu. Kwa taratibu za Marekani, utafiti unaotumia taarifa zilizo wazi kwa umma kwa kawaida hausumbuliwi na mapitio kamili. Nyuso nyingi mno za kufundishia mashine zimekusanywa mtandaoni kwa hoja hiyo hiyo. Sasa mwanafunzi wetu anapakua picha za watu wa Forodhani na kuandika: "Zipo wazi, ridhaa haihitajiki." Jamani! Yule aliyepigwa picha na bakuli lake la urojo alikubali kuonwa na jamaa zake. Kufundishia mashine itambue sura, hajaulizwa.

Kwa hiyo kila kanuni unayoitaja, jibu chini yake: nani ana uwezo wa kusema "simamisha", kwa kifungu gani, na amewahi kuutumia? Ukikosa jibu, acha nafasi wazi na uiandike kuwa ni tokeo.

4. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, Na. 11 ya 2022, ilianza 1 Mei 2023, ila kwa Zanzibar haigusi mambo yasiyo ya Muungano, na afya ni mojawapo. Ukitaka picha za eksirei kutoka Chake Chake, anza na kamati ya maadili ya utafiti wa afya ya hapa Zanzibar, usitegemee kibali cha Bara. Na uombe kabla ya kunakili hata faili moja, kwa sababu data iliyokusanywa kwanza haisafishwi na kibali cha baadaye.

5. Akili mnemba au akili unde: chagua moja, ushike hiyo hiyo hadi ukurasa wa mwisho.